Upana wa Tenga la Kuku

Wiki iliyopita Sharon, ambaye sasa anakalia kiti changu, alinipigia simu kuuliza ufunguo wa kabati la chini uko wapi. Nikamwambia uko ndani ya kile kikombe kilichovunjika mkono, pale dirishani, mahali ambapo umekaa tangu ofisi yetu ilipokuwa chumba kimoja chenye paa linalovuja. Halafu nikamwambia asifungue kwanza. Kabati hilo lina madaftari yangu, na moja kati yake, lile la jalada la kijani, sitaki alisome bila maelezo. Akasema, "Sasa Madam, si utuandikie tu?" Ndiyo hii naandika. Sharon, wasomee na wenzako. Msitafute humu habari za vyeo na mishahara. Vyeo vyangu vilikuja vimechelewa, na mshahara mnaujua, maana ndio huohuo wenu.

Nitawaeleza kuhusu kazi ya kuhesabu, na kuhusu Mzee Makokha wa Lurambi aliyekufa barabarani, na sehemu yangu katika kifo hicho. Nimelitaja mapema ili asiyetaka kuendelea aachie hapa.

Nilikuja kazini kutoka Ekero nikiwa msichana mwembamba, nimevaa viatu vya kisigino nilivyoazima kwa binamu yangu. Nilijua nimeajiriwa ofisi ya uchukuzi, kwa hiyo nilidhani nitapewa meza. Bwana Mutsotso, aliyekuwa mkubwa wetu sisi makarani wa kuhesabu, alinitazama miguuni, akaguna, akanipa kiti cha kukunja, ubao wa kuandikia, kalamu mbili na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja. Akanipeleka kwenye njia panda ya Lurambi, akanionyesha pa kukaa.

"Kila kinachopita, piga kijiti," akasema. "Vijiti vinne, cha tano unakatisha."

"Hadi saa ngapi, mkubwa?"

"Hadi nikuje."

Alikuja saa kumi na mbili jioni. Kufikia hapo nilikuwa nimekula vumbi la asubuhi, na saa tisa mvua ikaja, maana mvua ya Kakamega inafikanga saa tisa kama mtu aliyeajiriwa. Viatu vya binamu vilikuwa vimeachana na visigino vyake. Nilimpa fomu nikijua nitasifiwa, kwa sababu vijiti vyangu vilikuwa vimenyooka. Akaweka kidole kwenye safu ya baiskeli.

"Hii ni nini?"

"Baiskeli, mkubwa."

"Baiskeli ya nini? Ilikuwa imebeba mtu? Imebeba miwa? Ama ilikuwa inasukumwa na mwenyewe amechoka?"

"Fomu haiulizi hayo."

Alikasirika kama mtu aliyetukaniwa mama. "Fomu imechorwa na mtu hajawahi kanyaga hapa! Na hapa pembeni kuna nini?"

Pembeni mwa fomu palikuwa peupe. Nikamwambia hakuna kitu.

"Basi hapo ndipo pako. Kile fomu haiulizi, unaandika pembeni. Vijiti hata mbuzi akifundishwa atapiga. Mimi nakulipia macho."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Miaka yote iliyofuata niliandika pembeni mpaka fomu zangu zikawa zinachekwa. Niliandika jeneza juu ya baiskeli, na wenye msiba wakitembea kando wameshikilia. Niliandika mkokoteni wa magunia unaovutwa na wawili na kusukumwa na mmoja, na huyo mmoja ana mimba. Asubuhi moja ya Jumamosi aliletwa fahali wa kupigana, watu wanakimbia nyuma yake na ngoma za isukuti, barabara yote imejaa, nami nikaandika, "Fahali mmoja. Watu hawahesabiki." Makao makuu wakatuma barua kuuliza fahali huyo awekwe kwenye kundi gani la magari. Bwana Mutsotso akajibu kwamba awekwe kwenye magari mazito, akaweka nakala kwenye faili, na hadi leo iko.

Msidhani ni mchezo. Kuna kile kivuko cha mbao karibu na Isecheno, mnakijua. Kilipokuwa kinataka kujengwa upya, mainjinia walichora upana wa mtu mmoja. Mimi nilikuwa nimekaa pale siku sita, na pembeni mwa fomu nilikuwa nimeandika kwamba akina mama wenye mizigo ya kuni kichwani wanavuka wakienda kiubavu, na wawili wakikutana katikati mmoja lazima arudi nyuma. Bwana Mutsotso aliibeba fomu ile mwenyewe, akaenda nayo hadi kwa injinia, akaiweka mezani, akakataa kuondoka. Kivuko kikaongezwa upana. Ukienda leo utaona wanapishana, tena wanasimama katikati kupiga umbea. Nawaambia haya ili mjue kwamba sikuwa mjinga. Nilikuwa najua neno la pembeni linafanya nini likifika mezani kwa mtu.

Bwana Mutsotso alistaafu akaniachia ule mwavuli. Hakuishi sana baada ya hapo. Kwenye mazishi yake nilimtazama pale alipolala nikawaza kwamba fomu sasa ni yangu. Nilijiona mrithi. Mungu anisamehe.

Sasa nije kwenye ule ushirikiano wa miji. Sitaki mtu aseme nauponda. Ulikuwa ni miji sita, mingine ya huku kwetu magharibi na pande za ziwa, mingine ya ng'ambo, imekubaliana kusaidiana ili watu watembee na kuendesha baiskeli bila kufa, na moshi upungue mijini. Mmoja akijua kitu anawafundisha wenzake. Kuna mji ulitufundisha kupanda miti kandokando ya njia ya miguu ili mwenye kutembea asichomwe na jua. Sisi tuliwafundisha kwamba baiskeli ni teksi, ni lori, na ni gari la wagonjwa, na walishangaa sana. Nilikuwa nikirudi kutoka kwenye mikutano hiyo na furaha ya msichana. Umri ule mtu akupe kitu kipya cha kujifunza, si jambo dogo.

Ili miji ifanane, tulipewa fomu moja. Haikuwa karatasi tena. Ilikuwa tableti, unabonyeza picha. Picha ya mtu anayetembea, picha ya baiskeli, ya pikipiki, ya gari. Ukibonyeza, inahesabu yenyewe na kupeleka. Hakuna mji ulioruhusiwa kuibadilisha, kwa sababu mkibadilisha hamwezi kulinganishwa. Ni jambo la akili na sikulipinga. Lakini nilipoishika siku ya kwanza niliigeuza huku na huku natafuta pembeni. Haikuwa na pembeni. Nikanunua daftari la kijani dukani, nikawa natembea nalo kwenye mkoba. Nilijidanganya kwamba linatosha.

Mzee Makokha nilikuwa namjua tangu siku za vijiti. Alikuwa akinunua kuku wa kienyeji manyumbani huko ndani, anawapakia kwenye tenga moja pana la miti alilolisuka mwenyewe, analifunga kwa mipira ya tyubu nyuma ya baiskeli, analaza upande mpana ukitazama kulia na kushoto. Baiskeli yenyewe ilikuwa ile nyeusi nzito ya zamani. Kila asubuhi saa mbili hivi alipita mbele ya kiti changu kuelekea sokoni, hao kuku, ingokho wetu, wametoa shingo nje wanaangalia mji. Alikuwa anavua kofia bila kusimama.

"Mulembe, Madam."

"Mulembe, mzee. Leo ni wangapi?"

"Si wewe ndio unahesabianga serikali? Hesabu!"

Kila siku ndiyo ilikuwa mizaha yetu, na kila siku tulicheka. Kama kuna harusi Lurambi au matanga, jua kuku wamepita kwa Makokha. Krismasi alikuwa anafanya safari tatu kwa siku, na mkewe, Mama Nafula, anabaki nyumbani anawafunga miguu kwa maganda makavu ya migomba.

Ilipoamuliwa kwamba mji wetu utajengewa njia ya baiskeli, kutoka Lurambi hadi sokoni, nilikuwa mimi niliyehesabu ile barabara kwa tableti. Michoro ikaja. Wapimaji wakapiga vigingi na kuvuta kamba. Njia ilikuwa ichukue ule ukingo wa udongo wa murramu kandokando ya lami, na kila upande wake zisimame nguzo fupi za zege ili pikipiki na magari yasiingie humo na kuegesha. Kwa kuzitazama kamba zilikuwa zinapendeza. Nilikuwa nimesimama pale nafurahi wakati Makokha alipofika, akashuka, akaisukuma baiskeli yake katikati ya kamba mbili. Tenga likapita juu ya kamba huku, likapita juu ya kamba kule.

"Madam, hapa kwenye kamba ndio nguzo itakaa?"

"Ndiyo, mzee."

"Huku na huku?"

"Huku na huku."

Akatazama chini. Kuku mmoja akawa anadonoa kamba. "Hii njia ni ya baiskeli iko uchi," akasema. "Sisi hatuendeshangi baiskeli uchi. Na hapa kwa murramu ndio napitanga kila siku. Mkiweka nguzo, mimi nitapita wapi? Juu ya lami, na trela za miwa?"

Nilitoa tepu kwenye mkoba. Njia ilikuwa futi nne. Tenga lilikuwa futi nne na inchi mbili. Inchi mbili tu, jamani. Nikaandika kwenye daftari la kijani, nikapigia mstari chini.

"Huwezi kulipunguza hilo tenga?" nikamuuliza.

"Nikipunguza, kuku wanakanyagana wanakufa njiani. Kuku maiti nitauzia nani?"

"Basi wacha. Mimi nitaongea nao."

"Utaongea nao?"

"Nitaongea nao, mzee. Nguzo bado hazijawekwa."

Akavaa kofia yake vizuri, akatoa baiskeli kwenye kamba. "Basi imeisha," akasema. "Madam amesema." Akaenda zake akipiga mluzi.

Mkutano wa miji ulikuwa wiki iliyofuata, kwenye skrini, sisi tumekaa upande mmoja wa meza ndefu. Asubuhi hiyo mkurugenzi wetu alitupitia maofisini akisema tusiwe na maneno mengi, kwa sababu miji mingine inaitaka ile nafasi ya kuwa wa kwanza kujenga, na tukianza kuchorachora upya itahamishiwa kwa wenzetu. Mtu anaweza kudhani hapo ndipo nilipozibwa mdomo. Mimi mwenyewe niliitumia sababu hiyo kwa muda mrefu. Lakini mkurugenzi hakuwa ameushika mdomo wangu.

Aliyechora njia alikuwa Injinia Lena, mwanamke wa mji mmoja wa ng'ambo, mtaratibu, mwenye kuuliza maswali na kusubiri jibu. Kabla ya michoro alisema kwamba kati ya miji yote sita, hesabu za Kakamega ndizo nadhifu kuliko zote, hazina mapengo, hazina mkanganyiko, na kwamba aliyezifanya ni Agneta, yaani mimi. Wote kwenye skrini wakapiga makofi. Nilikuwa na miaka mingapi pale kazini? Nimekaa juani na mvuani miaka yote hiyo, na hakuna mtu aliyewahi kunipigia makofi. Nilihisi uso unawaka.

Halafu akaweka mchoro. Akasema, "Agneta, wewe ndiye unayeijua hii barabara. Huu upana unatosha?"

Daftari la kijani lilikuwa wazi juu ya mapaja yangu, ule mstari unanitazama. Nikawaza: nikisema haitoshi, ataniuliza ni baiskeli ngapi zinabeba mizigo mipana. Nami sijui, kwa sababu nilibonyeza picha moja tu kwa zote. Zile hesabu nadhifu zitaonekana zilivyo. Makofi bado yalikuwa yanalia masikioni mwangu.

Nikasema, "Unatosha."

Nikafunga daftari. Basi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Nguzo ziliwekwa. Makokha aliniona siku moja pale, akasimama, akazitazama, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo linaloniuma. "Madam, naona zimekaa."

Na mimi, mtu mzima, mshirika wa kanisa, nikamjibu, "Niliongea nao, mzee. Walikataa."

Akatikisa kichwa akinihurumia. "Hao hawajui kuku," akasema. "Lakini umejaribu, Madam. Asante sana."

Mnaweza kuniambia mnavyotaka kuhusu lile neno la mkutanoni, kwamba ni woga, kwamba ni kiburi, nitakubali. Lakini hili la pili hakuna aliyeniuliza kwenye skrini. Nililisema kwa hiari yangu, barabarani, mchana kweupe, na nikapokea asante.

Siku ya kuzindua njia wageni walikuja kutoka miji yote. Walivaa fulana za rangi moja na helmeti, wakaendesha baiskeli mpya nyepesi kutoka Lurambi hadi sokoni, mbili mbili hapana, moja moja, kwa sababu mbili hazipishani. Watu walishangilia. Mchana wakaandaliwa obusuma, ugali wetu, na ingokho, na wageni walisifu kuku wale hadi wakaomba mchuzi zaidi. Kuku wale waliletwa na Makokha asubuhi hiyo. Nilimwona kwa macho yangu akija nao juu ya lami, nje ya nguzo, trekta nyuma yake inapiga honi, na yeye amejikunyata kushoto kiasi kwamba tenga linakwaruza zege. Alipopita karibu nami alitoa mkono mmoja akavua kofia. Mimi nilikula paja.

Ilikuwa miezi michache baadaye, msimu wa kukata miwa, asubuhi ya manyunyu. Trela ilikuwa imejazwa hadi miwa inaning'inia pande zote. Dereva alisema alimwona mzee na akampa nafasi, lakini tenga liligusa nguzo, baiskeli ikayumba kuelekea kulia, na trela haina mahali pa kwenda. Nilifika nikakuta ameshafunikwa kwa leso ya mama mmoja muuza ndizi. Kuku walikuwa hai karibu wote. Walikuwa wanatembea ndani ya ile njia yetu ya baiskeli, katikati ya nguzo, hakuna aliyewafukuza.

Kwenye matanga Mama Nafula alinishika mikono yote miwili mbele ya watu. Alisema, "Huyu ndiye Madam. Mzee alituambia huyu alimpigania mpaka mwisho, wakubwa wakakataa." Watu wakanipisha nikae mbele, karibu na jeneza. Nikakaa. Nililetewa chai na mimi nikanywa.

Injinia Lena aliandika barua pepe alipopata habari. Ilikuwa fupi. Aliuliza kama kuna mtu aliyejua kwamba mizigo ni mipana kuliko njia. Alisema kwamba kusogeza nguzo za upande mmoja ilikuwa kazi ya siku mbili, na kwamba kama angeambiwa, angechora upya jioni ileile na mji usingepoteza zamu yake. Aliuliza kwa upole. Alikuwa anataka kujua alipokosea yeye. Sikuwahi kumjibu. Barua ile iko kwenye kompyuta ya ofisi, Sharon, tafuta jina lake utaiona. Mkurugenzi alisema jambo la nguzo litaingizwa kwenye ajenda ya mkutano wa miji unaofuata. Ukapita huo, na mwingine ukapita. Mimi nilikuwa nakaa pale mezani kila mara, nasubiri mtu mwingine aanze.

Mwaka jana nikastaafu. Mnakumbuka ile sherehe, keki na hotuba, na mkanifunulia zawadi chini ya kitambaa. Baiskeli. Moja ya zile nyepesi za uzinduzi, mmeipaka rangi upya na kuandika jina langu kwenye fremu. Najua mlifanya kwa mapenzi, na mlidhani machozi yangu ni ya furaha. Sikuwa na nguvu ya kuwaambia.

Niliisukuma kutoka ofisini hadi Lurambi, katikati ya nguzo. Ilipita vizuri sana. Ilibaki nafasi huku na huku. Sikurudi nyumbani kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Nafula, nikamkuta uani anawafunga kuku miguu. Ile baiskeli nyeusi ilikuwa imeegemea ukuta, fundi ameinyoosha fremu, gurudumu la mbele ni jipya, na tenga ni lilelile, limeshonwa upande mmoja. Nilikuwa nimesikia kwamba ameishika kazi ya mumewe. Anasukuma, hapandi. Nilikuwa sijataka kuamini.

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuhusu tepu, na inchi mbili, na makofi, na neno "unatosha." Nilimwambia kwamba hakuna mkubwa aliyekataa, kwa sababu hakuna mkubwa aliyeambiwa. Nikamwambia nimemletea baiskeli, ni nyepesi, aichukue.

Hakuacha kufunga kuku. Akamaliza aliyekuwa naye mkononi, akamlaza chini, ndipo akatazama ile baiskeli.

"Hii inapita kwa zile nguzo?"

"Inapita, mama."

"Umekuja nayo ukipitia humo ndani?"

"Ndiyo."

Nilitamani anitukane, anirushie kitu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee wangu alikuwa anasemanga yuko na mtu wake huko ofisini."

Akainuka, akaingia jikoni. Nilidhani atatoka. Nilingoja hadi kuku wakaanza kulala kwenye kivuli cha miguu yangu, halafu nikaondoka. Baiskeli nilirudi nayo, imo sebuleni mwangu, nyuma ya mlango. Haijabeba kitu.

Sasa, Sharon. Umeniambia kwenye simu kwamba mkutano wa miji ni mwezi ujao, na kwamba Injinia Lena bado yuko. Fungua kabati. Chukua daftari la kijani, ukurasa wenye mstari mzito chini, wenye jina la Makokha na vipimo viwili. Ule ni mwandiko wangu na tarehe yake ni ya kabla ya nguzo, kila mtu ataona. Uweke mezani, usiondoke, kama alivyofanya Bwana Mutsotso na ile fomu ya kivuko. Wakiuliza nani alijua, wape jina langu kamili. Nakupa ruhusa, na barua hii ni ushahidi.

Mimi kwa upande wangu nimekitoa kile kiti cha kukunja. Asubuhi naenda nakaa palepale kwenye njia panda, na mwavuli wenye ubavu uliovunjika, na karatasi niliyochora mwenyewe yenye nafasi kubwa pembeni. Watu wanadhani nimechanganyikiwa kidogo. Nahesabu zinazopita ndani ya nguzo na zinazopita nje, na zimebeba nini, na upana gani. Karatasi hizo nitakuletea kabla ya mkutano.

Jumanne Mama Nafula alipita saa mbili na dakika kumi. Alikuwa juu ya lami, anasukuma, tenga limejaa, trela mbili nyuma yake. Nikasema, "Mulembe, mama." Hakuitika. Nikapiga kijiti, nikaandika pembeni.